Injini Iliyokuja Bila Ukoo Wake: Kisa cha Land Rover Isiyo na Pua, Kigoma

Niliitwa asubuhi ya pili baada ya ajali, na sikuitwa kutengeneza gari. Niliitwa kuthibitisha kwamba dereva alisinzia.

Gari lilikuwa limeshakokotwa hadi uani kwa mwenyewe, Ujiji, bampa limekunjwa, taa ya kushoto haipo. Mwenye gari alinipokea getini. "Fundi, kanyaga breki mwenyewe uone. Ziko sawa kabisa. Huyu kijana alilala." Dereva alikuwa amekaa kwenye tofali chini ya mchikichi, goti limefungwa kitambaa. Alinisalimia shikamoo, akanyamaza. Nikapanda, nikakanyaga. Kweli pedeli ilishika. Ilikuwa ngumu, lakini ilishika.

Nilimgeukia dereva. "Hebu niambie, pedeli ilikuwaje siku ile?"

"Mwanzo ilikuwa ngumu kama jiwe, fundi. Nasimama juu yake kwa miguu miwili. Halafu ghafla ikazama, kama nimekanyaga uji."

Mtu aliyesinzia hawezi kutunga maneno hayo. Ngumu kwanza, kisha ikazama: hizo ni hitilafu mbili tofauti zilizofuatana, na kila moja ina chanzo chake. Nikamwambia mwenye gari anipe siku tatu.

Gari lenyewe

Wengi hawajaliona gari hili, kwa hiyo niliseme kidogo. Ni Land Rover ya mwaka 1964, lakini siyo ile 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ambayo kila mtu wa umri wangu alipanda nyuma yake kwenda harusini au mazishini. Hii haina pua. Waingereza walichukua chesisi ya 109, wakaongeza fremu nyingine juu yake, wakaisogeza kebini mbele hadi dereva akakaa karibu juu ya tairi la mbele. Injini ikabaki chini, katikati ya viti, imefunikwa kifuniko cha bati. Walianza kuziuza mwaka 1962. Ukiwa umezoea gari la pua, mara ya kwanza kuliendesha unahisi unasukuma ukuta kwa kifua, na ukigonga kitu, magoti yako ndiyo bampa ya pili.

Faida yake ni bodi ndefu ya mizigo kwenye gari fupi, na uwezo wa tani moja na nusu. Hasara yake ni kwamba injini ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286 na nguvu za farasi 77, ilibebeshwa gari zito kuliko lile iliyotengenezewa. Kiwanda kililitambua hilo mapema. Toleo lililofuata, la mwaka 1966, lilitanuliwa upana wa magurudumu na likapewa injini ya silinda sita ya lita 2.6.

Hili la kwetu liliachwa na misheni moja upande wa Kasulu. Mwenye gari alilinunua kwa biashara: anapandisha dagaa na chumvi ya Uvinza kwenda Manyovu, anashusha maharage na tangawizi. Kazi nzuri, ila kwenye vilima vya Buhigwe gari lilikuwa likipanda kwa gia ya pili, na inasemekana utingo alikuwa anashuka, anatembea nalo, anasalimia watu njiani, anapanda tena juu kileleni. Nimelisikia hilo kwa watu watatu, kila mmoja na chumvi yake.

Uchaguzi wa injini haukuwa kosa

Ndipo ikaamuliwa gari libadilishwe injini. Mpwa wa mwenye gari ni fundi kijana, gereji yake iko Gungu. Alipata injini ya 300Tdi pamoja na gia boksi na transfa yake (boksi la pili, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) kutoka kwenye Land Rover Defender 110 iliyopinduka. Nimesikia watu wakimlaumu kwa uchaguzi huo, wakisema angefunga 1HZ ya Land Cruiser. Nawapinga. 1HZ ni silinda sita zilizopangwa mstari, lita 4.2. Ni injini nzuri sana, lakini kuiingiza katikati ya viti vya gari hili ungelazimika kukata ukuta wa nyuma wa kebini na kumwondoa abiria mmoja. 300Tdi ni silinda nne, sentimita za ujazo 2,495, dizeli yenye tabo (feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini) na kipoza hewa. Inatoa nguvu za farasi 111, na nguvu ya kuzungusha ni nyutonimita 265 kwenye mizunguko 1,800 tu kwa dakika. Ile ya petroli ilikuwa inatoa karibu 168. Halafu pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, haina kompyuta, kwa hiyo ikikugomea Manyovu hutafuti mtu wa laptopu. Ningekuwa mimi ningechukua hiyohiyo.

Kijana alifanya mengine vizuri pia. Pawa steringi aliifunga kwa kuimarisha chesisi kwa bamba kabla ya kuchomelea kishikizo, jambo ambalo mafundi wakubwa kuliko yeye hulisahau hadi chesisi inapopasuka. Propela, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, alizipeleka kufupishwa na kusawazishwa, hakuzikata kwa macho. Klachi haina lawama. Rangi ya kijani kibichi ilivutia, na lilipopita Mwanga kwa mara ya kwanza watu walisimama.

Ila injini ni kama bi harusi: haji peke yake, anakuja na ukoo. Yeye alimleta bi harusi, ukoo akauacha Dar es Salaam.

Jamaa wa kwanza aliyeachwa

Tuanze na pedeli ngumu kama jiwe. Breki za magari ya siku hizi zinasaidiwa na haidrovaki, lile chungu jeusi la bati nyuma ya masta silinda, pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedeli. Ndani yake kuna kiwambo. Upande mmoja wa kiwambo hewa inafyonzwa, upande wa pili hewa ya kawaida inaingia ukikanyaga, na tofauti hiyo ndiyo inayokusaidia kusukuma. Mguu wako unafanya sehemu tu ya kazi.

Swali ni nani anayefyonza. Kwenye injini ya petroli jibu ni rahisi: kuna kilango kwenye njia ya hewa, ukiachia pedeli ya mafuta kinaziba, pistoni zinavuta hewa ambayo haipo, na mvuto unapatikana bure. Unachomeka mpira kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, kazi imekwisha. Dizeli haina kilango hicho. Hewa inaingia wazi muda wote, kwa hiyo hakuna mvuto, na ndiyo maana 300Tdi ina vakyumu pampu yake ubavuni mwa injini.

Injini hii iliuzwa bila vakyumu pampu. Kuna aliyeing'oa kabla, akaziba tundu kwa kibati na gasketi, kazi safi hata huwezi kuitilia shaka. Mpwa alifunga haidrovaki ya Defender, nzima kabisa, kisha akachomeka mpira wake kwenye manifoldi ya hewa kama ilivyokuwa kwenye petroli. Sasa fikiri: hii ni injini ya tabo. Ikipanda mlima, ndani ya manifoldi ile hakuna mvuto, kuna msukumo. Kilichookoa haidrovaki isipasuke ni vali ndogo ya plastiki inayoruhusu hewa upande mmoja tu. Vali ikafunga, basi, haidrovaki ikabaki pambo. Kwa miezi mitano gari lile lilisimamishwa kwa misuli ya paja.

Kwa nini hakuna aliyegundua? Kwa sababu mjini, bila mzigo, mguu wenye nguvu unatosha. Dereva alilalamika mara mbili. Aliambiwa Land Rover za zamani ndivyo zilivyo.

Jamaa wa pili, na huyu ndiye aliyefanya mabaya

Hapa kisa kinageuka, na mimi mwenyewe sikukiona siku ya kwanza. Niliuliza: mbona dereva alikuwa anashuka mteremko wa Manyovu akiwa nyutro? Maana alikiri. Mwenye gari akaruka: "Unaona! Anabana mafuta ayauze!" Kijana akajibu polepole kwamba habani mafuta. Anaipumzisha injini, kwa sababu kila ikifika juu inakuwa imechemka.

Nikafungua kifuniko katikati ya viti. Tangi la akiba la maji lilikuwa limefungwa pembeni mwa chesisi, chini, mahali pekee palipobaki wazi. Nikapima kwa fimbo na kamba: mdomo wake ulikuwa chini ya nyumba ya thamostati, ile vali ya joto iliyo juu ya injini, kwa karibu sentimita 20. Shubiri moja.

Kwenye Defender tangi lile linakaa juu, karibu na bonneti, na si kwa urembo. Maji yanapanuka, mapovu ya hewa yanapanda, na lazima yapate mahali pa juu kuliko injini pa kutokea. Tangi likiwa chini, sehemu ya juu kabisa ya mfumo inakuwa kichwa cha injini, na hewa inakaa humo. Ukijaza maji tangini mpaka pomoni, juu bado kuna pengo. Kwenye tambarare huoni kitu. Ukipanda na tani moja na nusu kwa dakika 20, povu lile linakua na mshale unapanda.

Mpwa aliona inachemsha akafanya dawa ya gereji zetu zote: aking'oa thamostati itapoa. Nimeikuta dawa hii Kigoma, nimeikuta Tabora, nadhani iko hata mwezini. Kwenye injini iliyojengewa njia ya pembeni ya maji, thamostati ikifunguka huwa inaiziba njia hiyo ili maji yote yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonana na rejeta, na mlimani hali inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo mnyororo ni huu. Tangi liko chini kwa shubiri moja, injini inachemka ikipanda, dereva anaihurumia ikishuka, anaweka nyutro. Injini haishiki tena gari, breki pekee ndizo zinazofanya kazi, na breki zenyewe hazina haidrovaki.

Moto unakwenda wapi

Siku ya ajali ilikuwa Aprili, mvua bado hazijaisha, lami imelowa. Mzigo ulikuwa magunia 18 ya maharage, ambayo kwa kilo 100 kila moja ni tani 1.8, yaani kupita uwezo hata kabla ya kuhesabu watu. Gari zima na mzigo wake halikuwa pungufu ya tani tatu na nusu.

Gari la tani tatu na nusu likishuka mita 400 za wima bila msaada wa injini, nguvu inayotakiwa kumezwa na breki inatosha kuchemsha madebe mawili ya maji ya lita 20, kutoka baridi ya kawaida hadi kutokota. Upepo huchukua kiasi. Kinachobaki chote kinaingia kwenye dramu nne za chuma. Na kutoka vilimani hadi Mwandiga unashuka zaidi ya mara moja.

Dramu zikipata moto zinatanuka, zinakimbia mbali na breki shuu, vile vipande vinavyozisugua kwa ndani, na pedeli inashuka zaidi kabla ya kushika. Joto linapita kwenye shuu hadi kwenye silinda ndogo za magurudumu, na humo ndimo mafuta ya breki yalipo. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzijoto 205. Lakini yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na yakishalowa kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Niliyoyatoa kwenye gari lile yalikuwa meusi kama kahawa ya Kasulu. Yakichemka yanakuwa mvuke. Mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, na hapo ndipo mguu unazama kwenye uji. Mfumo ule wa 1964 una njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo povu likizaliwa gurudumu moja, umepoteza yote.

Na hili ndilo lililotaka kumfukuzisha kijana kazi: gari likipoa, mvuke unarudi kuwa mafuta. Pedeli inapanda. Asubuhi unakanyaga, breki ziko sawa kabisa.

Alichofanya dereva baada ya pedeli kuzama kilikuwa sahihi kuliko vyote vilivyofanyika tangu injini inunuliwe. Alijaribu kurudisha gia, ikakataa. Akavuta hendibreki taratibu. Hendibreki ya Land Rover haikamati magurudumu, inakamata propela ya nyuma pale kwenye transfa, na haipaswi kuvutwa gari likienda kwa sababu inaweza kukata shafti. Haikukata. Ilipunguza mwendo, akalielekeza gari kwenye kingo ya udongo upande wa mlima, akalisugua hadi likasimama. Magunia manne yalipasuka. Goti lake lilishonwa.

Tulichobadilisha

Zaidi ya nusu ya fedha za mradi ule zilikwenda kwenye injini na gia boksi. Breki zilikuwa zimepata kopo moja la mafuta. Safari hii tuligeuza.

Vakyumu pampu tuliagiza, ikachukua wiki mbili kufika. Masta silinda tulifunga ya njia mbili, kutoka kwenye 109 ya miaka ya 1980, ili mbele ikifa nyuma ibaki. Mpwa alitaka diski za mbele, amezipenda kwenye picha. Tulibishana. Diski ni bora, sikatai, zinapoa haraka. Lakini kwenye miguu ya gari hili ungetengeneza habu na vishikizo vya kalipa, vile vibano vinavyoshika diski, kwa kuchomelea, na mimi siamini kalipa iliyochomelewa chini ya mtu anayekaa juu ya tairi la mbele. Dramu zilichongwa, shuu zikabandikwa lainini mpya, silinda zote za magurudumu zikabadilishwa, na mabomba ya chuma yaliyooza tukayatoa. Mafuta ni DOT 4, na nimeandika tarehe ya kuyabadilisha kwa rangi nyeupe ndani ya mlango.

Ukubwa wa masta silinda ulitusumbua siku nzima. Ile ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa nene mno: pedeli fupi, ngumu, watu wanaisifu uani kwa sababu "inashika juu", kumbe inakudai nguvu nyingi zaidi kupata msukumo uleule. Nyembamba inakwenda chini zaidi lakini inakusaidia. Tukarudi kwenye nyembamba.

Tangi la maji limehamia nyuma ya kebini, juu, limekingwa na kikapu cha vyuma. Thamostati imerudi. Kizibo cha plastiki juu ya nyumba yake, ambacho kwenye injini hizi hukauka na kuvunjika, tulichongesha cha shaba. Kujaza maji kunafanyika injini ikiwa baridi, kizibo kikiwa wazi mpaka maji yatoke bila mapovu. Chini ya kifuniko cha katikati tuliweka blanketi la fibaglasi, maana tabo ilikuwa inachoma miguu ya abiria na hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini utingo anapenda kukaa juu ya magunia.

Kisha suala la difu, gia za mwisho kwenye ekseli: namba yake ikiwa kubwa, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Mwenye gari alisikia kwamba akiweka difu za 3.54 za Defender badala ya 4.7 za zamani gari litakimbia zaidi. Ni kweli. Nikamwonyesha hesabu kwenye kipande cha boksi. Kwa difu za 4.7, transfa ya 1.41 na gia ya tano ya 0.77, kwenye tairi za 9.00-16, kilomita 80 kwa saa ni mizunguko kama 2,500. Injini hii haichoki hapo. Kwa mteremko, gia ya tatu kwa kilomita 40 inakuwa karibu 2,300, gari linashikwa na injini na mguu unapumzika. Ukiweka 3.54 unatupa robo nzima ya mshiko huo. "Mzee, unataka kufika Mwandiga mapema au unataka kufika?" Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Difu zimebaki.

Makaratasi pia yalikuwa na jambo. Kadi ya gari ilikuwa bado inasema petroli, na namba ya injini iliyochakaa zamani. Gari la namna hiyo likigonga mtu, bima wana sababu tayari mkononi. Likakaguliwa na polisi wa usalama barabarani, maombi yakapelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA), kadi ikabadilishwa. Ilikuwa kazi ya foleni tu.

Jaribio tulilifanya na magunia 15, si 18, dereva yuleyule kwenye usukani, mimi kati, kisha mwenye gari dirishani ameshika kishikio kwa mikono miwili. Kupanda, mshale wa joto ulisimama katikati. Kushuka, gia ya tatu muda wote, mara mbili ya pili, breki za kugusa na kuachia. Mwandiga tulisimama, nikamwagia kila dramu maji kidogo kwa kikombe. Tatu zilikausha taratibu. Ya nyuma kushoto ilitoa mlio wa kikaango. Tukaipiga jeki palepale kando ya barabara, dereva akalegeza shuu mpaka gurudumu likazunguka huru, na mwenye gari akashika tochi.